Viatu vya Koplo na Vyumba Vitatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi jeshini. Kitambulisho changu kimeandikwa RAIA kwa herufi nyekundu, kana kwamba ni ugonjwa unaoambukiza, na mlinzi wa getini ameniuliza mara mbili kama nimemletea mtu chakula.

Makao ya amri ni jengo moja lenye korido ndefu na vyumba vitatu vinavyofuatana: Ardhi, Maji na Anga. Kutoka mlango wa kwanza hadi wa tatu ni hatua ishirini na tisa, nimezihesabu. Kila chumba kina mfumo wake wa kompyuta, na hakuna mfumo unaojua kwamba mwingine umezaliwa. Mwaka jana mto ulipofurika, malori ya Ardhi, boti za Maji na helikopta za Anga zilitafutana kutwa nzima, huku watu wa bondeni wamekaa juu ya mabati yao wakizitazama zinavyopishana. Ujumbe wote ulipita kwenye karatasi, na karatasi zote zilibebwa na koplo mmoja mwenye miguu miwili. Sasa Brigedia anataka vyumba vizungumze vyenyewe kabla ya mvua kubwa. Nina wiki sita.

Mmoja wa wale wa juu ya mabati alikuwa mama yangu. Hilo sikulisema kwenye usaili.

Jumatano, 5 Machi

Nimemweleza Brigedia mpango. Hatutupi mfumo wa mtu. Natengeneza vipande vidogo vya programu, kila kimoja na kazi yake, vyote na mdomo wa kipimo kimoja, ili ukichomoa hiki uchomeke kile bila nyumba nzima kuanguka. Alifikiri, akasema ni kama mtungi wa gesi na kichwa chake. Nikamwambia ni hivyo hivyo, ila tuna mitungi mitatu, vichwa vitatu, na kila mwenye mtungi anaapa kwamba chake ndicho cha asili. Alicheka kwa muda mrefu. Nadhani nitaipenda kazi hii.

Alhamisi, 6 Machi

Rasharasha. Nimekaa kutwa nikisubiri kibali cha kuchomeka kompyuta yangu ukutani. Kimetoka saa kumi na moja jioni, watu wanafunga milango. Siipendi kazi hii.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimepita vyumbani kuuliza maswali. Ardhi kuna Meja, mtu wa kifua, ambaye husimama hata akiwa ameketi. Maji kuna Nahodha, mpole, mwenye birika lake na kiti cha kuzunguka ambacho hakai nacho kwa muda mrefu, maana yeye hupenda kuwa uani na injini zake. Anga kuna Rubani, aliyeacha kuruka kwa sababu ya mgongo lakini bado anaongea akiangalia dari.

Niliwauliza yale yale wote watatu: mahali kwenye ramani mnapaandikaje, saa mnaihesabu vipi, alama za vikosi ni zipi. Wote walijibu kwamba wanafuata Kanuni ya Pamoja. Je, wenzenu? Nao wanafuata, bila shaka, karatasi zao huja safi kabisa. Nahodha alinifungulia faili nikaona mwenyewe: karatasi kutoka Ardhi, namba zimekaa vile vile Maji wanavyozikalisha. Nimeandika kwenye mpango wangu kwamba kipande cha kutafsiri hakihitajiki. Nimeokoa wiki mbili nzima.

Halafu kuna huyo Koplo. Viatu vyake vinalia kwi, kwi, kwi, unajua anakuja angali mlangoni kwa Ardhi. Hupokea karatasi, huketi kwenye kigoda chake dirishani katikati ya korido, huinakili upya yote kwa mkono, ndipo aipeleke. Nilimuuliza kwa nini, akasema mwandiko wa wakubwa una taabu. Akifika anakopeleka hasogei. Leo amesimama mlangoni kwa Nahodha dakika kumi kwa karatasi ya mistari miwili. Watu wa zamani wana muda wa kuchezea.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeshuka bondeni kumwomba mama ahamie kwangu hadi mvua zipite. Mama ni fundi cherehani, na meza yake ya kukatia vitambaa imekula nusu ya chumba. Alikuwa na sare za shule arobaini za kumaliza. Alisema hawezi kuwaacha watoto wa watu uchi, na kwamba kwangu hata sindano haina pa kukaa. Kisha akauliza kama mwaka huu boti zitakuja.

"Zitakuja."

"Anasema nani?"

"Mimi, mama. Ndiyo kazi niliyopewa."

Akakata uzi kwa meno. "Basi mimi nitangoja hapa hapa," akasema, na mimi nikarudi mjini peke yangu.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Kipande cha Ardhi kimesalimiana na kipande cha Maji kwa mara ya kwanza. Nimepiga makofi peke yangu. Koplo akachungulia kuuliza kama kuna nyoka.

Alhamisi, 27 Machi

Vyote vitatu vinaongea. Ujumbe unatoka Ardhi na kufika Anga kabla hujapepesa macho, haujabadilika hata nukta. Brigedia ametangaza kwamba mfumo ukishaanza rasmi, Koplo atahamishiwa ghala la mablanketi. Koplo alipiga saluti. Baadaye alinikuta kwenye ngazi za nje, akaniuliza, "Binti, umemaliza kuuliza maswali?" Nikamjibu nimemaliza. Akaitikia kwa kichwa na kwenda zake, kwi, kwi.

Jumatano, 2 Aprili

Heri ningekuwa naumwa leo.

Lilikuwa zoezi la majaribio, na wageni wamealikwa. Malori, boti mbili na helikopta moja zikutane saa nne asubuhi kwenye uwanja wa mpira wa shule, karibu na mto, ambako Ardhi walikuwa wamesimamisha jiko la kambi kwa ajili ya wageni. Meja akabonyeza. Ujumbe ukaenda kote bila kubadilika hata nukta, na huo ndio ulikuwa msiba wenyewe.

Ardhi, kumbe, huanza na namba ya mashariki halafu ya kaskazini. Maji huanza na ya kaskazini. Ukizigeuza, uwanja wa shule unakuwa kilele cha kilima chenye mnara wa simu. Nahodha aliisoma amri, akashangaa, lakini amri ni amri. Akaazima trekta, akafunga boti zote mbili nyuma yake, akapanda nazo kilima. Saa nne na robo sauti yake ikasikika redioni, yenye adabu kabisa: "Tumefika. Tunaomba maji."

Hapo nilikuwa bado natafuta pa kujificha, Rubani akaita kutoka chumba cha tatu kwamba ameona adui. Kwa Ardhi alama ya saba ni jiko. Kwa Anga alama ya saba ni adui. Kwenye skrini yake jiko letu lilikuwa linawaka jekundu katikati ya uwanja, na helikopta ilikwisha kuamriwa ishuke ikalitazame kwa karibu. Ikashuka. Wageni walikuwa kwenye foleni na sahani mkononi. Vifuniko vya masufuria vikaruka, wali ukapanda juu na kumnyeshea kila mtu bila kujali cheo. Mpishi, ambaye alikuwa amepika tangu alfajiri, alitoka amenyanyua mwiko. Ripoti ya helikopta nimeisikia kwa masikio yangu: adui mmoja amenyoosha silaha ndefu, wengine wamejificha chini ya meza.

Chini ya meza alikuwa Brigedia.

Alirudi makao makuu na punje za wali juu ya nyota za mabegani. Sikupigiwa kelele, na ningependa nipigiwe. Alisema tu kwamba nina siku kumi na mbili. Nyuma yake Meja alikuwa anawalaumu Maji, Maji wanawalaumu Anga, na Rubani anailaumu dari. Mimi nilimfikiria mama na meza yake. Boti zikipanda kilima siku ya mafuriko, muuaji wake nitakuwa mimi, tena kwa ujumbe uliofika upesi.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeamka na swali moja. Kama vyumba vinaandika tofauti kiasi hicho, imekuwaje karatasi zote miaka yote zimefika sawa?

Nilikwenda dirishani, nikakaa sakafuni kando ya kigoda. Koplo alisogeza miguu kunipisha. Alitoa daftari la shule kwenye mfuko wa koti, limechakaa pembe zote, akaniwekea mapajani. Ukurasa wa kwanza: Ardhi kwenda Maji, geuza namba. Wa pili: Anga huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, Ardhi kama tunavyohesabu nyumbani, ongeza au punguza sita. Wa tatu: saba ya Ardhi usiipeleke Anga kamwe. Kurasa sitini na nne.

"Binti," akasema, "mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani unabeba karatasi tu, mzee."

"Kila mtu anadhani hivyo. Ndiyo maana zinafika."

Akanisimulia. Miaka kumi na moja iliyopita alirudisha karatasi kwa Ardhi, akaeleza kwamba Maji wanazitaka namba kinyume. Ardhi wakasema Maji wajifunze. Maji wakasema Ardhi wajifunze. Wiki tatu hakuna karatasi iliyovuka korido, kila chumba kimenuna. Ndipo akaomba kigoda na dirisha, akaanza kunakili. Toka siku hiyo kila chumba kinaamini kwamba wenzake walishika adabu. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba mkubwa ukimsahihisha atanuna, lakini karatasi hainuni.

Kuuliza si ujinga, tumeimba darasani tangu tungali wadogo. Ujinga ni kuuliza maofisa watatu na kumruka mtu mmoja anayefanya kazi.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimehamishia meza yangu kwenye korido, kando ya kigoda. Koplo anasoma daftari, mimi naandika kipande cha kutafsiri. Anasoma polepole na kila mara ananitaka nirudie alichosema. Nimefika ukurasa wa ishirini na mbili na shingo inaniuma.

Ijumaa, 11 Aprili

Kurasa zote sitini na nne. Mvua haikatiki.

Jumanne, 15 Aprili

Zoezi la pili. Boti zilikwenda mtoni, jiko lilibaki jiko. Mpishi ameniwekea sahani ya peke yangu. Brigedia amenipa mkono, vyumba vitatu vimenisifu, na kila kimoja kimeninong'oneza kwamba kilijua toka mwanzo tatizo liko kwa wenzake.

Koplo amekabidhi kigoda stoo na kwenda ghala la mablanketi. Nilimwomba afikirie kama kuna jambo lolote halimo daftarini. Akawaza, akasema halipo. Nilimwamini, naye alijiamini. Korido sasa ni kimya mno, mtu anaweza kusikia birika la Nahodha likichemka.

Jumapili, 20 Aprili

Mama amekataa tena. Sare zimebaki kumi na nane.

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika jioni.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Saa kumi na mbili asubuhi mama alipiga simu kwamba maji yako kizingitini. Saa moja kamili Meja alituma amri: boti mbili, nyumba za bondeni, nyuma ya kiwanda cha matofali. Kipande changu kikageuza namba, taa ikawaka kijani, neno likatokea: IMEPOKELEWA. Chumba kizima kikapiga makofi. Rubani alipoona kijani akaipeleka helikopta ng'ambo ya mto, kwa kuwa bondeni kulikwisha kupata boti. Nilimpigia mama nikamwambia boti ziko njiani.

Saa mbili na nusu akanipigia yeye. Alikuwa juu ya meza ya kukatia, na maji yalikuwa yamefika magotini pa meza.

"Mwanangu," akasema, "hiyo boti yenu inakuja kwa miguu?"

Nikatazama skrini. Kijani. Nikatoka mbio hadi chumba cha Maji, na sitasahau nilichokiona. Birika linafuka mvuke, kiti kitupu, na skrini inang'aa kijani kwa furaha. Ujumbe ulikuwa umepokelewa kweli. Mashine ilikuwa imeupokea. Nahodha na watu wake walikuwa uani tangu alfajiri, injini tayari, wanangoja kuletewa amri. Kwa miaka kumi na moja amri ilimfuata Nahodha popote alipo, na siku zote aliisikia inakuja.

Niliandika amri kwa kalamu nyuma ya karatasi ya tangazo la choo cha wageni, maana ndiyo niliyoipata, nikakimbia uani mvuani. Nahodha akaisoma, akasema, "Sawa, nimeelewa," akavuta kamba ya injini.

Miguu yangu ilikwisha kugeuka. Ndipo nikamkumbuka Koplo na zile dakika kumi zake mlangoni, na yale mambo ya kunitaka nirudie kila ukurasa. Hakuwa anangoja chai. Nikarudi, nikashika ukingo wa boti.

"Umeelewa nini, Nahodha?"

Alikasirika, na sikumlaumu. Akasema kwa haraka: boti mbili, nyuma ya kiwanda cha matofali, wanapita chini ya daraja. Daraja lilikuwa limekwisha kumezwa na maji, hakuna boti inayoweza kupita chini yake. Meja alilijua hilo tangu alfajiri na alilituma. Lilikuwa kwenye skrini ile ile, kwenye chumba kile kile kitupu, la kijani. Nikamwambia azunguke upande wa shule.

"Sema tena," nikasema.

"Boti mbili. Nyuma ya kiwanda. Tunazunguka upande wa shule, daraja halipitiki."

"Nenda."

Saa tano nilikuwa kwenye uwanja wa mpira, wanakoshushwa watu. Ghala lilikuwa limeleta mablanketi, na aliyekuwa anayagawa ni Koplo. Boti ya kwanza ikaja. Mama alikuwa ameketi katikati na cherehani mapajani, mfuko wa sare kichwani, mkavu. Nyuma yake Nahodha alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja na pasi ya mkaa kwa mwingine, kwa sababu mama alikataa kuiacha. Nililia mbele ya jeshi zima na kitambulisho cha RAIA shingoni, na wala sikuona haya.

Koplo alimfunika blanketi, akamuuliza wangapi wamebaki. Mama akasema watatu, juu ya bati la fundi baiskeli. Koplo akamwomba aseme tena, pole pole, na majina. Mama akahesabu kwa vidole, akasita. Wanne. Kuna mtoto mchanga. Boti ikageuka na habari hiyo.

"Yule mzee ndiye bosi wenu?" mama akaniuliza.

"Hapana mama. Ni koplo."

"Basi mmekosea."

Ijumaa, 25 Aprili

Wote wanne wameokolewa. Nimemwomba Koplo ruhusa, kisha nimemwambia Brigedia kila kitu: daftari, dirisha, chumba kitupu, na kwamba kazi iliyofanyika jana haikuwa ya mfumo wangu. Nilitegemea kufukuzwa. Yeye akawaita wakuu watatu na Koplo, akalisoma daftari mbele yao kurasa kadhaa. Waliangaliana kama wanandoa wanaogundua kwamba ndoa yao imeshikiliwa na mshenga kwa miaka kumi na moja. Mwishowe Meja akauliza ni chumba gani hasa kilichokuwa kinakosea.

"Karatasi, afande," Koplo akajibu.

Amerudishwa korido. Mimi nimepewa mwezi mmoja nirekebishe.

Ijumaa, 9 Mei

Kipande kipya kimeanza. Ujumbe ukifika, dirisha linafunguka kwenye skrini na kuuliza: Umeelewa nini? Halifungiki mpaka mtu aandike kwa maneno yake, na taa ya mtumaji inabaki ya njano mpaka asome jibu na kulikubali. Brigedia alitaka liitwe jina refu lenye neno "uthibitisho" ndani yake. Vyumba vyote vinaliita Koplo.

Siku ya kwanza Rubani aliandika "nimeelewa", likarudishwa. Meja aliandika "sielewi kwa nini naulizwa", likaenda hivyo hivyo hadi Maji, ambako limebandikwa ukutani.

Kikwazo kimebaki kimoja: Nahodha hakai chumbani. Nimejaribu kengele, amezizoea, hazisikii. Nimejaribu king'ora, wakatoka wote nje na kujipanga uwanjani.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemwomba Koplo atembee kwenye korido mara sita, huku nimeshika kinasa sauti sakafuni. Aliniuliza naumwa nini.

Jumatano, 28 Mei

Mvua zimekwisha. Mama amerudi bondeni na kutangaza kwamba deni la boti ameshalilipa: amemshonea Nahodha mfuko wa kubebea pasi.

Koplo ameanza likizo, ya kwanza kwa miaka kumi na moja. Asubuhi Meja alituma ujumbe wa kawaida, wa boti kupelekwa matengenezo. Kwenye spika ya uani ukasikika mlio: kwi, kwi, kwi. Nahodha alikuwa amelala chini ya injini. Akatoka, akajifuta mikono, akakaza shati, akaingia ndani upesi. Kabla ya kuketi alirudi mlangoni na kuchungulia korido yote, huku na huku. Hakukuwa na mtu. Akaketi, akaandika alichoelewa, kisha akakisoma tena kabla ya kukituma.